Mbili Nukta Nane

Kaka yake ndiye aliyempa jina la Nukta. Mdogo huyo alikuwa na miaka saba, amekaa sakafuni na daftari la hesabu, akauliza kwa nini moja nukta tano ni ndogo kuliko kumi na tano wakati tarakimu ni zile zile. Kaka, aliyemzidi miaka kumi na miwili, alimweleza. Akauliza tena. Akaelezwa tena, mpaka chakula kikapoa mezani na mama akawafokea wote wawili. Tangu siku hiyo akawa Nukta, nyumbani kwanza, halafu kazini, maana kazini nako kaka alikuwepo.

Baba yao alifariki mapema, na kaka akawa ndiye wa kuhudhuria mikutano ya wazazi, ndiye wa kusaini ripoti za shule, ndiye wa kumsubiri nje ya chumba cha mtihani akiwa na chupa ya maji. Nukta alipomaliza chuo, kaka alikuwa mkuu wa mafundi katika kampuni ya kutunza lifti, watu wote wakimwita Injinia, na akamwambia meneja kwamba ana mdogo wake anayeweza kuzifanya namba ziongee. Nukta akapewa meza kando ya dirisha lililotazama matangi ya maji. Wifi yake, mke wa kaka, akampa chumba cha nyuma nyumbani kwao. Alikaa humo miaka minne bila kuhisi kwamba ni mgeni.

Kazi yake ilikuwa hivi. Juu ya kila lifti iliyotunzwa na kampuni kulikuwa na kisanduku kidogo, ukubwa wa kitabu, chenye betri yake. Kila sehemu moja ya kumi ya sekunde kiliandika vitu viwili tu: saa kamili, na lifti iko milimita ngapi kutoka chini. Basi. Kisanduku hakijui kama lifti inakwenda mbio au polepole. Kinajua ilipo tu. Kasi lazima mtu aitafute: achukue ilipo sasa, atoe ilipokuwa, agawanye kwa muda uliopita katikati. Jibu likiwa na alama ya kujumlisha, lifti inapanda. Likiwa na alama ya kutoa, inashuka. Kwa mstari mmoja mtoto wa shule anaweza kufanya. Kwa mistari zaidi ya laki nane ya siku moja, unaandika programu, na programu za kampuni aliziandika Nukta.

Jumanne moja, saa moja na dakika ishirini asubuhi, lifti ya jengo la ofisi lenye ghorofa tisa ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Ndani alikuwemo mama wa usafi, peke yake, na ndoo yake na tambara la kudekia. Mafundi walipoufungua mlango walimkuta chini, maji yamemwagika kila mahali, nyonga imevunjika. Alikuwa akirudia neno moja, kwamba lifti ilikimbia kwenda juu. Mmoja wa walinzi alicheka. Lifti huanguka chini, alisema. Nani amewahi kusikia lifti ikianguka juu?

Injinia alikuja na faili la kisanduku mwenyewe, akamwomba Nukta atafute kasi kabla ya saa sita. Nukta akalifungua. Mara ya kwanza programu ilimpa majibu ya ajabu, lifti ikipaa kama roketi, kwa sababu mistari michache ilikuwa imeandikwa mara mbili na muda katikati yake ulikuwa sifuri. Akaiondoa. Kisha akaweka wastani mdogo wa mistari mitatu mitatu, kutuliza ule mtikisiko wa kawaida wa kipimo, akachora mchoro.

Alikaa akiutazama mchoro ule mpaka mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa.

Lifti ilikuwa imeanza chini, ikapanda kwa mita moja kwa sekunde kama ilivyo desturi yake. Ilipopita ghorofa ya pili, umeme ulikatika kwa kitambo kidogo. Hapo breki ilipaswa kuikamata. Haikuikamata. Mstari wa kasi ukainuka, moja nukta tatu, moja nukta tisa, mbili nukta nne, ukafika mbili nukta nane, wote kwa alama ya kujumlisha. Kisha vishikio vya dharura vikauma reli, na kasi ikawa sifuri ndani ya mistari miwili. Mama wa usafi alikuwa amesema kweli. Lifti yenye mtu mmoja ni nyepesi kuliko vyuma vya uzani vinavyoning'inia upande wa pili wa kamba. Breki ikishindwa, vyuma vinashuka na lifti inavutwa juu. Na inapokatwa ghafla hivyo, aliyemo ndani haendi chini. Anaendelea juu mpaka nyayo ziache sakafu, halafu ndipo anaanguka.

Nukta alizirudia hesabu kwa mkono, kwa penseli, mistari kumi. Jibu likawa lile lile. Akampelekea Injinia kila kitu.

Injinia alikuja mezani kwake, akasimama nyuma ya kiti, akautazama mchoro kwa muda. Akamwekea mkono begani. Alimwambia amefanya kazi ya mtu mzima, na kwamba ripoti ya bodi ya usalama wa majengo ataiandika yeye, asijisumbue. Jioni ile walirudi nyumbani pamoja kama kawaida. Wifi alimtania kwamba leo anakula kama ndege. Nukta alikuwa anamfikiria yule mama wa usafi.

Zilipita wiki sita. Nukta aliuliza mara mbili kuhusu ripoti, na mara zote mbili Injinia alimjibu kwamba mambo ya bodi huenda kwa mwendo wa kobe.

Siku ya Alhamisi, msichana wa mapokezi akamwita. Kulikuwa na mtu anayemtafuta kwa jina lake kamili, jina ambalo hakuna aliyelitumia pale ofisini. Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, magongo mawili yameegemezwa ukutani, bahasha mapajani. Nukta alimsalimia, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba bila kumwangalia, huku akiitoa karatasi.

"Mwenye jina hili ndiye wewe?"

Nukta akasoma. Ilikuwa ripoti ya kampuni kwa bodi. Ilisema kwamba data ya kisanduku imechambuliwa, kwamba kasi ya lifti siku ile haikuzidi mita moja kwa sekunde wakati wowote, kwamba lifti ilisimama salama baada ya umeme kukatika, na kwamba majeruhi aliteleza kwa maji ya ndoo yake mwenyewe. Chini, majina yake yote matatu. Juu ya majina, saini yake.

"Ni mimi," alisema.

"Mimi sikusoma sana," mama wa usafi alisema. "Lakini lifti ile nimepanda miaka kumi na mmoja. Naijua kama mlango wa kwangu. Siku ile ilikimbia. Wameniambia kuna mtaalamu amehesabu, na hesabu haidanganyi. Sikuja kugombana, mwanangu. Nimekuja unitazame machoni uniambie haikukimbia."

Nukta alimtazama. Alimwambia ilikimbia. Alimwambia ilikimbia kwenda juu, vile vile alivyosema, na kwamba ripoti ile hakuiandika yeye. Mama wa usafi hakulia wala hakushukuru. Aliikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akasema kikao cha bodi ni Jumatatu saa nne. Kisha akaomba asaidiwe kusimama.

Nukta alirudi mezani. Saini aliielewa upesi: picha ya saini hiyo alimpa kaka wiki ya kwanza ya kazi, ili amsainie barua ndogo ndogo akiwa likizo. Lakini ile mita moja ilitoka wapi? Alifungua kabati la programu, mahali ambapo kila badiliko huandikwa, nani kalifanya na saa ngapi. Siku ile ya Jumanne, saa kumi jioni, kulikuwa na badiliko moja. Hakuna mstari ulioongezwa wala uliofutwa. Tarakimu moja tu: pale alipoandika wastani wa mistari mitatu, sasa paliandikwa mia na moja.

Ukimpima mtu aliyetimua mbio sekunde moja na nusu, lakini ukachanganya mbio hizo na sekunde nane na nusu alizokuwa amesimama au anatembea, utaapa kwamba hakukimbia kabisa. Ndivyo ilivyofanyika. Kilele cha mbili nukta nane kilikuwa kimesambazwa juu ya sekunde kumi mpaka kikawa tambarare, kama siagi iliyopakwa kwenye mkate mrefu. Data yote ilikuwa ya kweli. Programu ilikuwa yake. Na aliyebadilisha ile tarakimu, jina lake lilikuwa kando ya saa, halikufichwa hata kidogo. Injinia.

Hakuwa na haraka tena. Alishuka stoo, akatazama rafu za vipuri. Karatasi ya matengenezo ya jengo lile ilionyesha kwamba pedi za breki zilibadilishwa mwezi wa tatu, na Injinia ametia saini. Pedi zilikuwa kwenye rafu ya chini, namba ya jengo imeandikwa kwa kalamu nene, boksi halijafunguliwa, vumbi juu yake limetulia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa ameiandika methali hiyo kwenye insha za shule mara ngapi, na aliyekuwa akimsahihishia insha ni nani?

Jumamosi mchana, wifi akiwa amekwenda sokoni, alimkuta kaka barazani akinoa kisu cha jikoni. Alikaa kwenye kiti cha pili, akamwambia ameiona mia na moja, na ameliona boksi. Kaka aliendelea kunoa kidogo, kisha akakiweka kisu chini taratibu. Alijaribu njia kadhaa. Kwanza alisema ni suala la kitaalamu, kwamba kila mchambuzi huchagua wastani wake. Halafu alisema mama yule atapona, lakini kampuni ikifungwa watu arobaini watakaa nyumbani. Halafu alisema kwamba wiki ya breki alikuwa hospitalini akimuuguza mama yao, akasaini akijua ataenda kuzibadilisha, kisha ikapita.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Nukta. Wiki ile aliyelala kwenye benchi ya hospitali siku sita ni yeye. Kaka alifika Jumapili na matunda, akakaa nusu saa, akaondoka.

"Data sikuigusa," kaka alisema. "Hata mstari mmoja."

"Najua. Lakini kwa nini jina langu? Ungeweka lako."

Kaka alijibu kwa upole, kama mtu anayesifu.

"Langu wangelitilia shaka, kwa sababu breki nilisaini mimi. Lako hakuna anayeliuliza. Wote pale wanajua wewe husemi uongo."

Nukta aliona aibu, na hakujua ni aibu ya nani. Miaka yote alidhani uaminifu wake ni kitu walichokijenga pamoja, yeye na kaka, meza moja, daftari moja. Kumbe mwenzake alikuwa ameuhifadhi kama akiba ya siku ya shida. Alisimama, akaingia chumbani, akaanza kupanga nguo.

Kabla hajamaliza mama yao alipiga simu. Ilionekana kaka amewahi kumpigia kwanza. Mama hakuuliza nini kimetokea. Alizungumza kama mtu aliyeijua habari yote tangu mwanzo, na Nukta alipomuuliza, alikiri kwamba kaka alimwambia wiki ile ile ya ajali, naye mama akamshauri asimwambie mdogo wake kwa sababu ana moyo mwepesi. Alisema ya mtungi huyajua kata, basi yabaki mtungini. Alisema aliyekubeba mgongoni humwangushi chini.

"Mama, kuna mtu ameshaangushwa," Nukta alisema. "Ana magongo."

Mama alisema huyo ana watu wake.

Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili Nukta alilala kwa mwenzake wa meza ya pili, ambaye hakuuliza maswali. Jumatatu saa nne kasoro alikuwa kwenye ukumbi wa bodi, chumba kirefu chenye feni iliyokuwa ikilia kila inapozunguka. Mama wa usafi alikaa mbele, mguu umenyooshwa. Upande wa pili walikaa meneja na Injinia. Kaka alipomwona akiingia alisogeza kiti kilichokuwa kando yake, akidhani amekuja kukaa na kampuni. Nukta aliona ule mkono ukikivuta kiti. Akapita, akaenda kukaa nyuma ya mama wa usafi.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ya chini, anayesoma karatasi kwa kidole. Alipofika kwenye ripoti aliuliza kama mchambuzi yupo. Nukta akasimama, akaomba ubao. Meneja alisema ripoti inajitosheleza. Mwenyekiti akasema ubao haumuumi mtu.

Hakuonyesha programu, kwa sababu programu ndiyo iliyokuwa imetumiwa kudanganya, na hakutaka wamwamini kwa sababu ya mashine. Aliandika namba mbili tu kutoka kwenye faili, moja chini ya nyingine: 9,575, halafu 9,855. Akaeleza kwamba hizi ni milimita kutoka chini, na kati ya namba moja na inayofuata kuna sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akamwomba mwenyekiti mwenyewe atoe.

"Mia mbili na themanini," mwenyekiti alisema.

"Siku zote lifti ile inapopanda, jibu ni mia moja. Hapa ni mia mbili na themanini. Mara kumi ya hiyo ndiyo sekunde moja. Mita mbili nukta nane. Na namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, maana yake ilikuwa inakwenda juu."

Mama wa usafi aligeuza kichwa, akawatazama walinzi wa jengo walioitwa kama mashahidi. Mmoja wao aliinama kufunga kamba ya kiatu.

Nukta akaeleza ile mia na moja. Mwenyekiti akamsikiliza, akauliza kama saini kwenye ripoti ni yake. Alijibu kwamba ni yake lakini hakuiweka yeye. Akaulizwa nani aliyeibadilisha tarakimu. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Jumamosi. Alimtazama kaka. Kaka alikuwa akimtazama kwa macho yale yale ya nje ya chumba cha mtihani, macho ya mtu anayekuombea usikosee.

"Injinia," alisema. "Kaka yangu wa tumbo moja."

Bodi iliagiza boksi la pedi liletwe, likaletwa na vumbi lake. Ndani ya mwezi mmoja Injinia alinyang'anywa leseni, na ripoti mpya ikaandikwa, ikasema lifti ilishindwa na majeruhi hakuwa na kosa lolote. Kampuni haikufungwa. Ilibadilisha meneja, ikazikagua breki zote, na kwenye majengo mengine mawili ikakuta pedi zilizosainiwa bila kubadilishwa. Nukta walimwomba abaki. Alibaki miezi miwili, kisha akaacha, kwa sababu mafundi walikuwa wakinyamaza kila anapoingia. Nusu yao walimwona shujaa na nusu walimwona mtu aliyemuuza ndugu yake, lakini ukimya wao ulikuwa wa aina moja. Alipata kazi kwenye kituo kinachopima mwendo wa maji ya mto, na chumba cha kupanga, ghorofa ya nne ya nyumba isiyo na lifti.

Mama wa usafi alimtembelea Nukta ofisini siku yake ya mwisho kwenye kampuni ya lifti, sasa akiwa na gongo moja. Alimwambia amepewa kazi ya kukaa, kugawa funguo mapokezini. Nukta alimwomba radhi. Mama akauliza radhi ya nini, na Nukta akashindwa kueleza vizuri. Alisema ni kwa sababu jina lilikuwa lake. Mama alifikiri, akasema ndiyo, jina lile alilichukia wiki kadhaa, hata alikuwa akilitaja kwenye sala zake, na si kwa wema. Wakacheka kidogo, wote wawili, bila furaha kubwa.

Wifi alimpelekea vitu vyake vilivyobaki kwa gari la kukodi, bila barua. Mama yao hakupiga simu miezi minne.

Halafu siku moja, Jumapili baada ya chakula cha mchana, akapiga. Aliuliza habari ya afya. Aliuliza kama chumba kinavuja mvua ikinyesha. Alieleza kwa kirefu kuhusu goti lake, na kuhusu kuku wa jirani wanaoingia bustanini. Nukta alikaa chini kitandani, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kifua kikalegea. Akaanza kusimulia naye, habari za mto, jinsi wanavyotupa boya dogo majini na kulifuatilia linavyosafiri, jinsi alivyotumbukia siku ya kwanza mpaka kiunoni mbele ya mkuu wake.

Upande wa pili mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha kusafisha koo, ambacho Nukta alikijua tangu akiwa mtoto, kilichotangulia kila maelezo ya hesabu. Simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti kubwa, nyumbani kwa kaka.

Mama aliendelea kuuliza kama alishikwa na mafua baada ya kutumbukia. Hakusema yuko wapi wala yuko na nani. Nukta alisubiri kidogo, ampe nafasi ya kusema. Mama akarudia swali la mafua.

"Sikushikwa, mama," alijibu. Akamtakia mchana mwema, akaagana naye vizuri, kwa adabu zote, akakata simu.